Kuhama na picha za watu: mwongozo kamili kwa nyumba ndogo ya sanaa yenye karakana ya fremu

Duka la kawaida likihama, kilichomo ndani ni mali ya mwenye duka. Nyumba ya sanaa yenye karakana ya fremu haiko hivyo. Ukutani kuna picha za wasanii ulizopokea kwa mali kauli, yaani za kuwauzia huku zikibaki mali yao, mezani kuna picha ya harusi ya mteja inayosubiri kioo, na kule nyuma, kwa sababu umekaa hapo miaka mingi, kuna vitu ambavyo hata aliyevileta huenda amevisahau. Kuhama kwa namna hii ni kazi ya amana kabla haijawa kazi ya mizigo. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kujua kila kitu ni cha nani, na gari la mizigo linakuja baadaye sana.

Jipe miezi mitatu hadi minne kati ya kuamua na kuhama. Anayejipa wiki tatu hulazimika kufunga picha na kutafuta wenyewe kwa wakati mmoja, na hapo ndipo vitu hupotea.

Hatua ya kwanza: pima jengo jipya kabla ya kusaini

Beba tepu ya kupimia, pamoja na ubao mmoja mrefu wa fremu. Mbao za fremu huja na urefu wa karibu mita 3, na kuna majengo mazuri sana ambayo ubao wa mita 3 hauwezi kukata kona ya korido wala kupanda ngazi zake. Pita nao kuanzia pale gari litakaposimama hadi pale rafu zitakapokaa. Ukikwama, ni heri ukwame siku hiyo.

Fikiria uzito wa kioo. Kioo cha fremu cha unene wa milimita 2 kina kilo 5 kwa kila mita moja ya mraba. Rundo la vioo 40 vya ukubwa huo ni kilo 200, na likisimamishwa wima uzito wote hukaa juu ya ukanda wa sakafu wenye upana wa sentimita 8 tu. Sakafu ya zege haina shida. Ya mbao, hasa ghorofani, mtafute mtu wa ujenzi aiangalie.

Umeme nao usiuchukulie kirahisi. Soma kibandiko kilichoko kwenye kila mashine: msumeno mkubwa wa pembe mbili unaweza kuhitaji umeme wa fezi tatu, na jengo lililokuwa ofisi huenda halina. Mashine ya joto ya kubandikia picha na kompresa kila moja iwe na laini yake, ama sivyo zitaangusha swichi kuu kila zikiwashwa pamoja.

Kisha kuta. Kama plasta ni mpya au unaona madoa, fanya jaribio hili: chukua kipande cha plastiki angavu, kibandike ukutani kwa utepe pande zote nne bila kuacha upenyo, kikae siku moja au mbili. Matone yakijitokeza upande wa plastiki unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani, na ukuta huo haufai kutundikwa picha hadi ukauke au utibiwe. Yakiwa upande wa chumba, tatizo ni hewa ya chumba, na hilo lina dawa nyepesi zaidi. Tazama pia jua linaingilia wapi asubuhi na jioni. Dirisha kubwa linalovutia wapita njia ndilo hilo hilo linalofifisha rangi za maji.

Kwenye mkataba wa pango soma mambo matatu: kama karakana yenye kelele na vumbi inaruhusiwa, kama unaweza kubadilisha kuta na kuweka bango, na muda wake. Kwa kazi hii mkataba wa mwaka mmoja ni mfupi mno. Ukilazimika kuhama tena upesi, utakuwa umezilipia kuta za mtu mwingine.

Hatua ya pili: orodha ya wenye mali

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Kila kilichomo ndani kipewe namba, kipigwe picha mbele na nyuma, na kiandikwe hali yake: mkwaruzo uko wapi, pembe gani ya fremu imeachia, doa liko upande gani. Andika kwa maneno yanayoonyesha mahali hasa. "Fremu imechubuka" haisaidii mtu yeyote baadaye. "Mchubuko wa sentimita 2, ubao wa chini, kushoto" utamaliza ubishi kabla haujaanza.

Gawa orodha katika mafungu manne. La kwanza ni mali yako mwenyewe. La pili ni mali kauli za wasanii. La tatu ni kazi za wateja zinazoendelea au zilizokamilika bila kuchukuliwa. La nne ni zile zisizojulikana.

Wasanii waandikie mapema. Mkataba wenu huenda unataja anwani ya zamani, na bima yao au yako inaweza kutegemea anwani hiyo. Mpe kila mmoja nafasi ya kuchagua: achukue kazi zake, au asaini karatasi fupi inayoorodhesha kazi moja moja, bei zake, na kukubali zihamishwe. Wengi hukubali papo hapo. Wachache watakuja kuchukua, na wana haki. Mwachie msanii uamuzi huo bila kumbembeleza, maana kazi ni yake.

Fungu la tatu huleta jasho. Piga simu, tuma ujumbe, kisha barua, na uhifadhi ushahidi wa kila jaribio pamoja na tarehe. Sheria kuhusu mali isiyochukuliwa hutofautiana nchi hadi nchi. Mwulize mwanasheria kabla ya kuuza au kutupa chochote, hata kama kimekaa rafuni miaka minane. Picha inayoonekana haina thamani inaweza kuwa ndiyo pekee iliyobaki ya mzazi wa mtu. Hizo hama nazo, zikae kwenye sanduku lao lenye majina.

Kwa fungu la nne, geuza kila kitu na utazame mgongo wake. Lebo za zamani, mihuri, namba za penseli na majina ya mafundi waliotangulia ndiyo historia ya picha hiyo, na mara nyingi ndiyo njia pekee ya kumpata mwenyewe. Usibandue hata moja kwa ajili ya usafi. Karatasi ya mgongo ikiwa imeoza na lazima iondolewe, kata kipande chenye lebo, kitie kwenye bahasha safi na ukibandike nyuma ya mgongo mpya.

Hatua ya tatu: funga mlango wa oda, ongea na bima

Weka tarehe ya mwisho ya kupokea kazi mpya, wiki nne hadi sita kabla ya gari, na uishikilie hata kwa rafiki. Kazi zilizopokelewa kabla ya hapo zikamilishwe na zichukuliwe. Kila picha inayorudi mikononi mwa mteja wake ni picha moja pungufu ya kubeba.

Kampuni ya bima iarifiwe kwa maandishi, na hakikisha unalindwa katika sehemu tatu: jengo la zamani, njiani, na jengo jipya, ikiwemo zile siku ambazo mali imegawanyika pande mbili. Uliza pia wahamishaji wanalipa nini kitu kikivunjika. Mara nyingi fidia yao huhesabiwa kwa uzito wa mzigo, na mchoro wa penseli hauna uzito.

Hatua ya nne: punguza bila huruma, ila usiguse kumbukumbu

Vipande vifupi vya mbao za fremu hujaa kwenye kila karakana. Visivyotosha hata fremu ya kadi ya posta viondoke. Vinavyotosha, tengeneza fremu ndogo ndogo uziuze kabla ya kuhama. Mbao za zamani zikague moja moja kwenye mwanga: tundu dogo la mviringo lenye unga laini chini yake maana yake kuna bungua ndani, na ubao huo usipande gari pamoja na vingine.

Vipande vya mfano vya pembe vilivyoko ukutani vipige picha vikiwa mahali pake, ukuta mzima, kabla ya kushusha hata kimoja. Ondoa vile ambavyo muuzaji ameacha kuvitengeneza. Mteja kuchagua fremu isiyopatikana tena ni maudhi kwenu wote wawili.

Kemikali ni habari nyingine. Tapentaini, vanishi na gundi za kupulizia zisisafiri katika gari la picha. Na vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visirundikwe kwenye mfuko wa takataka hata kwa usiku mmoja, kwa sababu mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke kimoja kimoja, au vitie kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko.

Kadi za oda za miaka yote, daftari la wageni, mabango ya maonyesho na picha za ufunguzi zisiguswe na fagio. Kadi ya oda yenye namba ya ubao na rangi ya kadi ya pambizo (ile kadi ngumu inayoizunguka picha ndani ya fremu) ndiyo inayokuwezesha kumtengenezea mteja fremu pacha ya ile uliyomtengenezea miaka kumi iliyopita. Zipige picha zote, kisha zihifadhi na karatasi zenyewe.

Hatua ya tano: karakana itangulie

Wengi huhamisha sehemu ya maonyesho kwanza kwa sababu ndiyo inayoonekana. Naona ni kinyume. Karakana ikifika mwanzo na kusimama sawasawa, fremu itakayoachia njiani itarekebishwa siku hiyo hiyo. Tena vumbi la kufunga mashine na kutoboa kuta litakuwa limeshatulia kabla picha hazijafika.

Chora mpangilio kwa kufuata safari ya ubao: rafu ya mbao, mashine ya kukatia, ya kuunganishia pembe, kisha meza ya kadi na kioo, halafu meza ya kufungia, na mwisho rafu ya kazi zilizokamilika, karibu na mteja. Msumeno na meza ya kufungia vitenganishwe kwa ukuta au angalau mlango. Chembe moja ya unga wa mbao ikinaswa chini ya kioo inakulazimu kufungua kazi upya. Meza ya kukatia kadi iwe kubwa kuliko kadi nzima, ambayo kwa kawaida ni kama sentimita 81 kwa 102, na ikiwezekana ifikiwe pande zote nne.

Kabla ya kuhamisha mashine ya kukatia pembe, toa visu vyake, vifunge kwa kadibodi nene, na uvipeleke kunolewa wakati huo ambao hauna kazi navyo. Funga kanyagio lisicheze. Kompresa itolewe upepo wote, na valvu ya chini ifunguliwe imwage maji yaliyojikusanya, kisha isafiri ikiwa imesimama. Mbao, kadi na karatasi mpya zipe wiki moja au mbili katika jengo jipya kabla ya kuzikata, kwani mbao huvimba na kusinyaa kufuata unyevu wa mahali. Fremu iliyokatwa mapema mno itafungua mianya kwenye pembe. Mbao zilale juu ya vishikizo vya kutosha zisipinde, na kadi zilale bapa.

Mashine zikishasimama na kupimwa kwa pimamaji, usikimbilie kazi ya mteja. Fremu moja ina vipande 4, kila kipande kina ncha 2, kwa hiyo kuna mikato 8. Mashine ikiwa nje kwa robo digrii tu, kosa hilo hujumlishwa mara 8 na kukuletea mwanya wa digrii 2 kwenye pembe ya mwisho. Kata vipande vinne vya ubao wa bei rahisi, viwili viwili vya urefu sawa, uvipange mezani bila gundi. Bana pembe tatu zikutane kabisa, kisha utazame ya nne. Mwanya ukifunguka upande wa ndani, ncha zimekatwa kali kuliko digrii 45. Ukifunguka upande wa nje, zimekatwa butu. Rekebisha kidogo, kata tena, hadi pembe zote nne zifunge na kamba ya ulalo iwe na urefu uleule pande zote mbili. Jaribio hili linaweza kula asubuhi nzima, na hakuna asubuhi utakayoitumia vizuri zaidi.

Hatua ya sita: kufunga picha

Kanuni ya kwanza ni kujua kinachogusa uso wa picha. Plastiki ya vipovu haigusi rangi hata kidogo, kwani huacha alama za mviringo kwenye vanishi, hasa kukiwa na joto. Kinachogusa ni karatasi laini isiyo na asidi au karatasi ya glasini (nyembamba na yenye kuteleza), kisha plastiki ya vipovu ije juu yake, vipovu vikitazama nje. Picha ya mafuta iliyochorwa miezi michache iliyopita huenda bado ni mbichi ndani ingawa juu imekauka. Hiyo usiifunge kwa plastiki. Itengenezee kofia za kadibodi kwenye pembe, ili chochote kitakachoizunguka kisiguse uso. Fanya hivyo hivyo kwa picha yenye rangi nene iliyojaa mabonge.

Picha yenye kioo bandika utepe wa karatasi juu ya kioo, kutoka pembe hadi pembe, kisha wima na mlalo, bila kugusa fremu. Kioo kikivunjika, vipande vitashikiliwa na utepe badala ya kuichana picha. Acha ncha za utepe zikiwa zimekunjwa ili uzipate kwa urahisi, na uubandue mara tu unapofika. Usifanye hivi kwa akriliki wala kwa kioo kilichopakwa dawa ya kuzuia mng'ao, maana gundi huharibu uso wake.

Pasteli na michoro ya mkaa zina unga unaoachia kwa mtikisiko. Zisafiri zikiwa zimelala, uso juu, peke yake, na ikiwezekana mtu azipakate. Kazi za karatasi zisizo na fremu ziwekwe kati ya kadi mbili ngumu. Kanvasi kubwa ikilazimika kuviringishwa, tumia mrija mpana, na upande wenye rangi uwe nje. Ukiwa ndani, rangi hubanwa na kujikunja.

Fremu zenye nakshi za plasta zishikwe kwa glavu, kwenye pande mbili za ubao, kamwe si kwa ubao wa juu peke yake. Kipande cha nakshi kikidondoka, kiweke kwenye bahasha yenye namba ya picha hiyo papo hapo. Kesho hutakumbuka kilitoka wapi.

Pete na waya za kutundikia ziondoe au uzifunike, kisha panga picha za ukubwa unaokaribiana uso kwa uso na mgongo kwa mgongo, kukiwa na kadibodi kati ya kila moja. Waya wa picha moja uliochoma kanvasi ya picha jirani ni ajali inayotokea hata pasipo gari kutikisika.

Hatua ya saba: siku ya gari

Ukiacha pasteli na michoro ya mkaa, picha na vioo husafiri vikiwa vimesimama, vikiegemea kidogo, na kingo zao, si bapa lao, zikielekea upande gari linakoelekea, ili breki za ghafla zisivisukume kifudifudi. Vioo visilazwe hata kwa safari fupi. Mashine na picha visipande pamoja. Mtu mmoja abaki mlangoni na orodha, akiweka alama kwenye namba inayotoka. Mwingine awe mlango wa pili akiweka alama inayoingia. Namba ambayo haijapata alama ya pili itafutwe kabla gari halijaondoka.

Hatua ya nane: kufungua na kutundika

Masanduku yakae yamefungwa kwa saa 24 ili yazoee hewa ya jengo. Kisha fungua kwa kufuata orodha, ulinganishe kila kazi na picha ulizopiga, na ukiona tofauti piga picha nyingine hapo hapo, ukiwa bado na vifungio vyake. Madai ya bima yana muda, na mwenye picha asikie habari kutoka kwako siku ileile.

Kuta za maonyesho zikiwa za jipsamu, weka plaiwudi ya milimita 12 nyuma yake kabla ya kupaka rangi, upate uhuru wa kupigilia mahali popote. Rangi mpya ya ukuta ipe wiki kadhaa itoe mvuke wake kabla ya kutundika kazi za karatasi. Katikati ya picha iwe karibu sentimita 150 kutoka sakafuni. Unyevu wa hewa ubaki kati ya asilimia 40 na 60 bila kuruka ruka. Mwanga usizidi takriban luksi 50 kwa rangi za maji na michoro, na luksi 200 kwa picha za mafuta. Ila meza ambapo mteja anachagulia fremu inataka mwanga wa kutosha, na taa zinazoonyesha rangi kwa uaminifu, za kiwango cha 90 na zaidi kwenye kipimo cha CRI kinachoandikwa kwenye taa. Chini ya taa mbaya mteja huchagua kadi ya rangi ya maziwa, akifika nyumbani anaikuta ya manjano.

Hatua ya tisa: jengo la zamani

Ziba matundu, paka rangi, piga picha kila chumba, mkabidhi mwenye nyumba funguo kwa maandishi na udai amana yako. Namba ya simu isibadilike. Sahihisha anwani kwenye ramani za mtandaoni siku ileile unayofungua, na umwombe mpangaji mpya akuruhusu kuacha tangazo mlangoni kwa muda mrefu iwezekanavyo. Wateja wa kazi hii huja mara moja kwa miaka mitatu au minne, na anayeshika risiti ya zamani bado anatarajia kuikuta picha yake. Kwa ajili yake, lile sanduku la kazi zisizochukuliwa likae mahali panapofikika, orodha yake ikiwa juu, na kila baada ya miezi michache piga tena zile simu ambazo hazikupokelewa.